Fleti yetu ya Bansko, Bulgaria: bei ya kununua ndiyo sehemu rahisi

Nikisema tuna fleti Bansko, kila mtu anauliza tuliinunua kwa shilingi ngapi. Hakuna anayeuliza tunalipa kiasi gani kila mwaka, na hapo ndipo kwenye habari yote.

Tunaishi Birmingham. Mume wangu na watoto wanaipenda ski, yaani kuteleza kwenye theluji, kupita kiasi; mimi mtoto wa Tanga, baridi naivumilia tu. Milima ya Alps ilitushinda mapema: Uswisi ina sheria ya tangu 1983 inayowabana wageni kununua nyumba za likizo, na Ufaransa gharama za hati peke yake, kwa nyumba isiyo mpya, hufika kama asilimia 7 au 8 ya bei. Bansko ni mji wa ski ulio chini ya milima ya Pirin, saa mbili na ushee kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Sofia. Majengo mengi ya pale yaliinuliwa haraka haraka kipindi Bulgaria inaingia Umoja wa Ulaya, 2007. Msukosuko wa fedha wa 2008 ukaja, waliojenga na walionunua wakabaki nayo mikononi.

Sasa hiyo ada ya kila mwaka. Majengo ya aina hii yana bwawa, sauna na mapokezi, na gharama zake hugawanywa kwa mita ya mraba. Fleti yetu ni mita 46, ada yuro 9 kwa mita, yaani yuro 414 kwa mwaka, uende usiende. Kabla ya hiyo tulionyeshwa nyingine nzuri zaidi, dirisha linatazama mlima, mume wangu ameshachagua pa kuweka viatu vya ski. Nikaomba tushuke nikalione bwawa. Halikuwa na tone la maji, vigae vimebanduka, viti vya plastiki vimerundikwa ndani. Pembeni ya lifti pamebandikwa karatasi ya namba za fleti zinazodaiwa ada: karibu nusu ya jengo. Dalali akasema ni matengenezo ya msimu. Februari hiyo, msimu umepamba moto! Tukamshukuru, tukaondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kupenda jiko na kochi, ombeni mkataba wa kampuni inayosimamia jengo na hesabu zake. Anayesitasita kuwaonyesha ameshawajibu.

Ununuzi wenyewe haukutusumbua. Raia wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kumiliki fleti, ila ardhi kwa jina lake hapana, kwa hiyo nyumba yenye kiwanja ni hadithi nyingine. Wakili wetu (wetu, si wa kupewa na dalali) alitafuta cheti kuonyesha fleti haina rehani wala deni, akahakikisha jengo lina Akt 16, kibali cha kutumika. Kwa notari, yaani mwanasheria anayethibitisha hati, hati ilisomwa yote kwa Kibulgaria, mkalimani akitufuata kipengele kwa kipengele. Kama hujui lugha, hilo ni takwa la sheria. Kodi ya uhamisho hutegemea halmashauri na inaweza kufika asilimia 3. Baada ya hapo una miezi miwili ya kutoa taarifa halmashauri ili upangiwe kodi ya jengo na ada ya taka. Wakati wetu hesabu zilikuwa za leva, sarafu ya zamani ya Bulgaria. Tangu 1 Januari 2026 ni yuro tupu.

Kinachoniudhi ni kupanda mlimani. Mji uko kama mita 925 tu juu ya bahari, mara nyingine Januari unakanyaga matope, theluji iko juu, na gondola (vibanda vya kwenye waya vinavyopandisha watu mlimani) ya kutoka mjini ni moja. Asubuhi za likizo foleni yake inachosha kuliko ski yenyewe. Madalali watawaambia ya pili inakuja. Wimbo huo ni wa zamani: mapema 2018 watu waliandamana Sofia kupinga upanuzi wa eneo la ski ndani ya hifadhi ya Pirin, ambayo ni urithi wa dunia wa UNESCO. Msilipe hata senti kwa ajili ya gondola ambayo haijajengwa.

Na wenye pasipoti ya Uingereza kama sisi, hati miliki haikupi ukaazi. Ni siku 90 katika kila siku 180, na Bulgaria ikiwa ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazohesabu siku zako kwa pamoja, wiki zenu za Hispania zinakatwa humo humo.