Nimepima utumbo mpana kwa kamera hapa Mbeya, nawaelezea ilivyokuwa

Nina miaka 46, naendesha Coaster Tukuyu–Mbeya. Naandika manake mimi nilipotafuta mtu wa huku kwetu aelezee hiki kipimo kwa Kiswahili cha kawaida sikupata, nikaenda na woga wangu hivohivo.

Mwaka jana nilianza kuona damu chooni, sio nyingi, leo ipo afu wiki mbili haipo. Wenzangu stendi wote wakasema hiyo bawasiri kaka, sisi madereva tunakaa sana, na zahanati niliyoenda nikaambiwa hivohivo bila hata kupimwa nikapewa tyubu ya kupaka. Nimepaka miezi 7. Hapo ndo naumia kwakweli, miezi 7 hakuna aliyeniuliza kwenu nani aliwahi kuugua nini, wakati baba yangu marehemu alikufa na kansa ya utumbo mpana, aligundulika ana miaka 54 na ilishafika kwenye ini.

Daktari niliyempata baadae ndo swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Akanielewesha kwamba ndani ya utumbo huwa vinaota vinyama, wanaviita polipu, vingi havina shida ila baadhi vinageuka kansa polepole, inaweza kuchukua hata miaka 10, na muda wote huo hausikii chochote, unakula unafanya kazi. Ukikikuta mapema unakikata na mambo yanaishia hapo. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua unatakiwa uanze kupima ukiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, kitakachotangulia. Kwahiyo mimi nilishachelewa miaka 6. Asiye na mgonjwa kwenye ukoo, Wamarekani wanaanza kumpima akifika 45. Kuna pia kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, ila kwa mtu kama mimi ambaye damu naiona na baba aliugua, akasema twende kwenye kamera moja kwa moja.

Sasa niseme ukweli, kazi ipo kwenye maandalizi, sio kwenye kamera. Siku 3 hakuna maharage, mahindi, mboga za majani wala matunda ya mbegu, nilikula wali mweupe, mayai na mkate. Siku moja kabla ni vya maji tu vinavyopenya mwanga, chai ya rangi, supu iliyochujwa, hakuna maziwa na hakuna kinywaji chekundu manake kule ndani kinafanana na damu. Afu dawa ya kusafisha, ya unga, unachanganya na maji, lita 2 jioni na lita 2 alfajiri. Julai, Mbeya, saa 9 usiku, baridi ile mnaijua, nimekaa jikoni na jagi nakunywa kitu chenye chumvichumvi glasi baada ya glasi huku mke wangu kanifunika blanketi, na chooni nimeenda mpaka nikaacha kuhesabu. Usikate tamaa ukaacha nusu, utumbo usipokuwa msafi kinyama kinajificha na unarudia upya. Ukiona yanatoka maji ya njano mepesi mpaka unaona chini ya ndoo ujue uko tayari.

Kipimo chenyewe nilichomwa sindano ya usingizi mwepesi, nikalala ubavu wa kushoto magoti kifuani, kamera ikaingizwa kwa njia ya haja kubwa, tumbo likajaa gesi kidogo, basi. Wanaume wenzangu mnaoona aibu, unafunikwa vizuri na nesi anaongea na wewe kwa heshima kabisa. Kuna muda nilizinduka nikaona kwenye skrini kitu kama uyoga, kina kashina, kakitanzi ka waya kakakizunguka, kakabana, kikaanguka. Sikusikia maumivu yoyote. Vilikuwa viwili, hicho milimita 12 na kingine kidogo cha 4.

Kilichonikera ni bili. Niliambiwa bei ya kipimo tu, kumbe kukata ni hela nyingine na kupeleka vinyama maabara nyingine tena, kwahiyo uliza yote kabla, na bima yako iulize. Na uende na mtu wa kukurudisha, siku hiyo huendeshi gari, mimi nilirudishwa na bajaji.

Majibu yalikuja baada ya wiki kama tatu. Adenoma, yaani ile aina inayogeukaga kansa, ila ilikuwa bado, imetolewa yote, nirudi baada ya miaka 3. Nilitoka nje nikampigia mama, akakaa kimya muda mrefu afu akauliza, na wadogo zako?

Wako wawili, mmoja Kyela mmoja Makambako. Wa Kyela ana 41, anapima Jumanne ijayo na dawa yake nimeshamnunulia. Wa Makambako bado ananiambia yeye hana damu yoyote, nampigia kila siku jioni nikipaki gari.