Dawa ya maji ya mvua: ununue ipi kwanza?

Juzi nilipanda juu kusafisha gata. Nilitoa majani ya mwembe yaliyooza, vinyesi vya ndege na mjusi mkavu. Vyote hivyo vilikuwa vikishukia kwenye tangi letu, na maji yake ukiyatazama kwenye glasi yanang'aa. Kwa hiyo msitegemee macho. Bomba likikauka au mafuriko yakifunga barabara, dawa iwe tayari kabatini.

Namba moja kwangu ni vidonge vya klorini. Aquatabs ya miligramu 67 inatosha lita 20, ndoo moja kubwa. Tia, funika, subiri nusu saa. Kila kidonge kina kifuko chake, hakimwagiki, na klorini inayobaki huendelea kuyalinda maji ndani ya ndoo. Lakini angalieni: madukani hukatiwa viwili vitatu kwa mkasi, tarehe ikabaki kwenye kipande cha muuzaji. Omba uione, na usome miligramu, maana vipo vidogo vya maji machache.

Ya pili ni WaterGuard, klorini ya majimaji ya chupa. Fuata kipimo cha kifuniko kilichoandikwa. Klorini ya majimaji huchoka kwa joto na jua, basi ile iliyopangwa dirishani iache hapo hapo.

Maji yakiwa na tope, mpangilio unabadilika: chukua pakiti ya unga wa kusafishia maji wa kampuni ya P&G. Moja ni ya lita 10. Koroga dakika 5, tope litue, chuja kwa kitambaa kizito cha pamba, ngoja dakika 20.

Kuchemsha nakuweka nafasi ya nne kwa sababu ya makaa na gesi tu. Huua hata vijidudu vinavyoihimili klorini, kwa hiyo maji ya mtoto mchanga au mgonjwa chemsha yatokote vizuri. Yakipoa hayana ulinzi. Kata moja chafu inayaharibu. Nunua ndoo yenye mfuniko na koki.

Chujio la udongo ni zuri kwa kila siku, ila linachuja polepole na hupasuka likianguka.

Na hakuna hata kimoja kati ya hivi cha kutegemea kuondoa mafuta ya taa, petroli wala dawa za shambani. Mafuriko yakiingia tangini na maji yakanuka hivyo, msiyanywe, hata yakichemshwa.