Mkeka wa joto kwa kizimba cha kioo: anza na thamostati

Mkeka wa joto, yaani mkeka wa umeme unaopasha kizimba cha reptilia, ukikosa thamostati (kifaa kinachodhibiti joto) haujui kuacha. Ukibandikwa chini ya kioo kilichofunikwa kwa matandiko, unaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi, ilhali geko chui, aina ya mjusi anayefugwa, anahitaji kama 32 tu upande wake wa joto. Mnyama naye huenda asihame: reptilia huweza kulala palepale panapomchoma mpaka tumbo likaungua. Ndiyo maana hapa tunapanga vifaa kwa kuangalia jinsi joto linavyodhibitiwa.

1. Mkeka na thamostati ya kuwasha na kuzima, yenye sensa ya waya, yaani kihisi joto kilicho kwenye ncha ya waya. Kwa wafugaji wengi hiki ndicho cha kununua. Thamostati hukata umeme joto likifika kiwango ulichoweka, na huurudisha likishuka. Mkeka hupata moto na kupoa polepole, hivyo kupanda na kushuka huko hakumsumbui mnyama. Chagua yenye namba zinazoonekana na kengele ya joto kuzidi.

2. Mkeka na thamostati ya mapigo. Hii hupeleka umeme kwa vipande vifupi vifupi na kushikilia joto bila kuyumba. Ni nzuri sana, ila kwa mkeka peke yake faida ya ziada ni ndogo.

3. Mkeka wenye kitufe cha kuzungusha. Kitufe hupunguza nguvu tu, hakipimi chochote. Siku chumba kikipata joto, kizimba nacho kinapanda. Usiuache bila mtu.

4. Jiwe la joto la kuwekwa ndani. Usinunue. Hupata moto mahali pamoja, na mnyama hulikumbatia.

Kuhusu ukubwa, mkeka ufunike theluthi moja ya sakafu, upande mmoja, ili mnyama awe na pa kukimbilia baridi. Kizimba cha sentimita 60 kwa 45 kinatoshwa na mkeka wa 28 kwa 28. Mkubwa kuliko huo unafuta upande wa baridi, na hilo ni kosa baya kuliko mkeka kuwa mdogo.

Ufungaji ndipo mambo huharibikia. Bandika mkeka nje, chini ya kioo, kisha inua kizimba kwa vijiguu ili hewa ipite. Kioo kilichokalia meza moja kwa moja hubana joto na kinaweza kupasuka. Usiukunje wala kuukata, kwa sababu nyaya za ndani zikivunjika huzuka sehemu moja yenye moto mkali. Ukishaubandika, usiubandue ukautumia tena.

Sensa iweke kati ya mkeka na kioo, uishike kwa utepe unaostahimili joto. Ikiwa ndani, mnyama huisukuma. Ikichomoka hupima hewa baridi, na thamostati huendelea kupeleka umeme bila kukata. Kamwe usiweke utepe wa gundi ndani ya kizimba, unararua ngozi ya mnyama. Tandika sentimita 1 au 2 tu juu ya mkeka: matandiko mazito hufungia joto chini, na mnyama anayechimba ataliangukia. Kwa wachimbaji, bandika mkeka ubavuni mwa kizimba.

Kisha weka thamostati kwenye 32, subiri saa 24 kizimba kikiwa kitupu, ondoa matandiko kidogo na pima uso wa kioo kwa kipimajoto cha infraredi. Kwa kawaida ndani huwa na nyuzi chache pungufu ya sensa. Rekebisha mpaka kioo chenyewe kisome 32, ndipo umwingize mnyama. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, maji yasiufuate hadi kwenye soketi.

Mkeka haupashi hewa. Mijusi wanaoota jua wanahitaji taa juu, na mkeka hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kila mwezi pima tena kioo na ukague mkeka. Ukiona doa la kahawia, uvimbe au harufu ya kuungua, chomoa plagi saa hiyo na utupe mkeka.