Sanduku la mifupa na mlo wa Warumi: nunueni, ila sahihisheni kadi ya tatu

Sanduku hili la mafunzo linawafaa walimu wa sayansi wa Kigoma wanaotaka kuonyesha jinsi mifupa inavyotueleza Warumi wa kale walikula nini. Lina vichupa, asidi ya haidrokloriki ya moli 0.5 kwa lita, karatasi za pH, vichujio na kadi za majibu ya maabara. Glavu na miwani hazimo, nunueni. Mfupa wa paja la ng'ombe utapatikana buchani.

Hatua ya kutoa kolajeni, protini ya mfupa inayopimwa, imepangwa vizuri mno. Kwangua uso wa mfupa, kata kipande cha nusu gramu, tumbukiza kwenye mililita 10 za asidi penye nyuzi 4, na ubadilishe asidi kila baada ya siku mbili. Madini yakishayeyuka, kipande kinapinda kama gegedu na mwanga unapenya. Suuza, kiweke kwenye maji ya pH 3 kwa nyuzi 70 saa 48, chuja, kausha. Ile asidi ya kwanza ya kuyeyusha madini ikipata joto, kolajeni nayo inaharibika. Umeme ukikatika, hamishia vichupa kwenye deli lenye barafu, ile wanayotumia wauza samaki pale Kibirizi. Mwongozo umesahau mafuta: mfupa mbichi unayo mengi, na yakibaki yanashusha kipimo cha kaboni 13, aina nzito ya kaboni.

Mashine ya kupima isotopi, yaani aina nzito na nyepesi za elementi moja, huwezi kuitia sandukuni, ndiyo maana kuna kadi. Ya Herculaneum, mji wa Kirumi, ni bora kuliko zote: watu 17 waliouawa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, utafiti wa 2021, na wanaume walionekana kupata protini nyingi zaidi ya samaki wa baharini kuliko wanawake.

Kadi ya tatu ndiyo mbovu. Imeandika kwamba baadhi ya Warumi walikula mahindi. Mahindi yalitoka Amerika, na Ulaya hayakufika kabla ya 1492; nafaka iliyokusudiwa ni ya jamii ya uwele. Kosa hili ni baya kwa sababu kipimo hakiwezi kulifichua: uwele na mahindi hunasa kaboni kwa njia moja, na anayekula hivyo tu kipimo cha kaboni 13 katika kolajeni yake hukaribia −7 kwa elfu (tofauti na kiwango sanifu), wakati mla ngano au shayiri hukaribia −20. Muhogo uko upande wa ngano. Kwa hiyo mla ugali wa muhogo na mla ugali wa mahindi hapa Ujiji wangetofautiana waziwazi, mfano ambao sanduku lingepaswa kuutumia.

Kadi hiyohiyo inasema naitrojeni 15, aina nzito ya naitrojeni, ikipanda, mtu alikula samaki. Si lazima. Kila ngazi ya ulaji huipandisha kwa 3 hadi 5 kwa elfu: migebuka huwa nayo nyingi kuliko dagaa kwa kuwa huwala dagaa. Hata shamba lililotiwa samadi huipandisha kwenye nafaka. Futeni mistari hiyo miwili kwa kalamu kabla wanafunzi hawajagawiwa kadi.