Kopo la dawa za mama: uzoefu wangu na mfamasia wa Kabwe, Mbeya

Naandika haya kwa yeyote mwenye mzazi anayekunywa dawa za presha, hasa kama mzazi yuko kijijini na wewe uko mjini. Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa mteja wa famasi moja ndogo pale Kabwe. Ninachokisifia si bei wala wingi wa dawa. Ni mfamasia wa pale, dada mmoja anayeuliza maswali mengi kabla mkono wake haujagusa rafu.

Mwezi wa saba mwaka jana mama alikuja kutoka Kiwira. Aliposhuka kwenye kosta pale Uyole nilishtuka: baridi ile ya Mbeya, na yeye amevaa kandambili za mjukuu wake wa kiume, maana viatu vyake vilikuwa havimwingii tena. Miguu ilikuwa imejaa kuanzia vifundoni. Ukiminya kwa kidole, shimo linabaki. Alikuwa ameshaandikiwa dawa ya kutoa maji mwilini, furosemidi, lakini uvimbe ulikuwa pale pale, na sasa kila akiamka asubuhi anashika ukuta kwa kizunguzungu.

Ile dawa ya maji ilikuwa imemwishia, kwa hiyo nilipita famasi na pakiti tupu mkononi nikaomba nyingine. Dada akaniuliza anayeumwa ni nani, ana miaka mingapi, miguu ilianza lini kuvimba, anatumia dawa gani nyingine. Nikamjibu, za presha. "Za presha zipi?" Sikujua. Bodaboda ananisubiri nje, nami nimeanza kukasirika. Akasema kwa upole, "Kaka, kesho niletee mama. Aje na dawa zake zote, hata alizoacha kunywa, hata za kienyeji."

Kesho yake mama akaja na kopo lake la Blue Band. Dada akamwamkia shikamoo, akamkalisha, akampima presha kabla ya lolote: 102 kwa 60. Alipomsimamisha na kumpima tena, ikashuka zaidi. Kumbe kizunguzungu hakikuwa cha uzee kama tulivyojipa moyo nyumbani. Kisha akamwaga kopo lote juu ya trei ya kuhesabia vidonge, akaanza kupanga.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya mfamasia. Aliweka boksi mbili kando kwa kando, moja nyeupe, moja ya kijani, majina makubwa ya mbele tofauti kabisa. Akazigeuza zote mbili, akaweka kidole gumba chini ya maandishi madogo kabisa, yale ambayo mimi sijawahi kuyasoma maishani. Amlodipini. Na hii nyingine: amlodipini. Moja ya miligramu 5, nyingine ya 10.

"Mama, hizi unakunywa zote mbili?"

"Zote, mwanangu. Ile ya zamani asubuhi, hii mpya usiku."

Amlodipini ni dawa ya presha, na kiwango chake cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 10 kwa siku. Mama alikuwa anakunywa 15, tena juu ya losartani, dawa nyingine ya presha, na ile dawa ya maji, kila siku, kwa uaminifu wote. Na miguu kuvimba ni moja ya madhara yanayojulikana sana ya amlodipini, hasa dozi ikiwa kubwa. Dada alitueleza kwamba uvimbe wa namna hii hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa midogo ya damu inatanuka, maji yanavujia kwenye nyama za miguu, ndiyo maana dawa ya kukojoza haikufua dafu.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akawa bado anapekua, na chini kabisa ya kopo akatoa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Mama akasema, "Hizo za magoti tu," kama vile si dawa. Zilikuwa diklofenaki. Magoti yalianza kumsumbua mwezi wa pili kwenye shamba la viazi, na tangu hapo alikuwa ananunua duka moja huko huko kijijini, kidonge asubuhi na kidonge jioni, wala hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana presha.

Dada akachukua kalamu akapanga miezi. Mwezi wa pili mama anaanza dawa ya magoti. Mwezi wa nne kliniki wanaona presha imepanda, wanamwandikia amlodipini ya 10 badala ya ile ya 5. Boksi ni jipya, jina ni jipya, na hakuna aliyemwambia aache ile ya zamani, kwa hiyo anazijumlisha. Mwezi wa tano miguu inavimba. Mwezi wa sita anaenda kituo kingine, anaongezewa dawa ya maji. Mwezi wa saba anashika ukuta. Diklofenaki na jamii yake, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kupandisha presha, kwa hiyo huenda mlolongo wote ulianzia kwenye vidonge vya kwenye karatasi ya daftari. Hakuapa kwamba ndivyo. Alisema inafanana hivyo, na kwamba kinachomtia wasiwasi zaidi ni figo, kwa sababu losartani, dawa ya maji na diklofenaki zikitumika pamoja zinaweza kuziumiza, na kwa mtu wa miaka 68 si jambo la kusubiri.

Aliyoyafanya baadaye nataka yaeleweke vizuri. Diklofenaki alimwachisha hapo hapo, kwa kuwa mama alijinunulia mwenyewe. Lakini za hospitali alisema wazi hawezi kuzikata yeye. Alimpigia daktari wa kliniki ya mama mbele yetu, akamsomea alichokikuta, akaandika barua fupi tukaondoka nayo, na akatuambia twende siku hiyo hiyo. Daktari akabakiza losartani na amlodipini moja tu, ya miligramu 5, akaondoa dawa ya maji, akaagiza kipimo cha figo. Kilikuwa kimepanda kidogo. Kiliporudiwa baada ya mwezi kilikuwa kimeshuka. Miguu ilichukua kama wiki tatu kurudi kawaida. Magoti sasa ni parasetamo na dawa ya kupaka, na presha ya mwisho ilisoma 134 kwa 80. Kwa hiyo usisome haya ukaenda kumwachisha mzazi wako dawa mwenyewe. Beba kopo, nenda nalo.

Kwa ushauri wote huo sikulipa hata senti. Nililipa parasetamo na dawa ya kupaka. Kabla hatujaondoka alimtengenezea mama karatasi ngumu yenye picha ya jua na picha ya mwezi, na chini ya kila picha akagundisha kipande cha boksi la dawa inayohusika. Mama hasomi maandishi madogo, ila rangi anazijua. Bahasha zetu za dawa zimezoea kuandikwa "1×2" na kuishia hapo, na mzee anabaki kukisia.

Kasoro zipo. Benchi ni moja, na maswali ya mgonjwa yanaulizwa mbele ya wateja wengine. Mama aliona aibu kuulizwa habari za haja ndogo huku vijana wamesimama nyuma yake. Wangetenga hata kona yenye pazia. Losartani kwao ni ghali kidogo kuliko maduka ya jirani. Na ukienda usiku au Jumapili humkuti yeye. Utamkuta kijana anayekuhudumia haraka na vizuri, lakini haulizi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi.

Watu wengi hapa kwetu humwita mfamasia muuza dawa, nami nilikuwa hivyo hivyo. Cheti chake kiko ukutani. Shahada ya famasi ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi. Daktari wa kwanza aliona presha, wa pili akaona miguu. Huyu ndiye pekee aliyeona kopo lote.

Wiki iliyopita mama alinipigia kutoka Kiwira. Kliniki wamempa boksi jipya, jekundu, jina ambalo hajawahi kulisikia. Nikaanza kumwambia asubiri niulize. Akanikatiza: "Nimeshamsomesha mjukuu yale maandishi ya chini. Ni ile ile, na ni ya tano. Ile kuukuu nimeitoa kwenye kopo."