Valgrind au Pin: kuichunguza programu ikiwa inaendeshwa

Programu imeshakompailiwa (imegeuzwa kuwa lugha ya mashine), msimbo wa chanzo huna, lakini unataka kujua inafanya nini ndani. Valgrind na Pin ni zana za kazi hiyo: zote huyachukua maelekezo ya mashine wakati programu inaendeshwa, huyatafsiri upya na kupachika vipimo katikati yake.

Valgrind, iliyoanzishwa na Julian Seward na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002, huvunja kila kipande cha msimbo kuwa lugha ya kati iitwayo VEX, kisha hukijenga upya. Gharama yake ni nzito. Chini ya Memcheck, chombo chake maarufu, programu huwa polepole mara 20 hadi 30, na nyuzi za programu (mikondo ya kazi inayoweza kwenda pamoja) hupokezana, mmoja tu ukiendeshwa kwa wakati. Lakini Memcheck hufuatilia kila biti ya kumbukumbu kujua kama imepewa thamani, na hilo hufichua makosa ambayo macho hayawezi kuyaona hata ukikesha.

Pin ya Intel hutafsiri x86, yaani lugha ya mashine ya prosesa za Intel na AMD, moja kwa moja kwenda x86. Nyuzi huendeshwa sambamba, na unaweza kuipachika kwenye programu iliyokwisha kuanza, jambo ambalo Valgrind haiwezi. Ni ya bure, ila chanzo chake kimefungwa, na kwenye prosesa za ARM haifanyi kazi.

Kwa uvujaji wa kumbukumbu (kumbukumbu iliyochukuliwa bila kurudishwa) kwenye programu za lugha ya C, nachagua Valgrind bila kusita. Kwa kuhesabu maelekezo ya programu yenye nyuzi nyingi, Pin, mradi uwe tayari kuandika chombo chako kwa C++.