Taa ya oili imewaka: ubadilishe swichi au upime kwa geji?

Umetoka Manyoni na jua la saa nane. Unaingia Dodoma mjini, unasimama kwenye foleni, taa nyekundu ya oili inawaka. Ukikanyaga mafuta, inazimika. Zima injini kwanza, pima oili kwa kijiti. Ikiwa imepungua, ongeza na utafute inakovuja. Ikiwa iko sawa, una njia mbili.

Kubadilisha swichi ya oili, yaani kifaa kwenye injini kinachowasha taa hiyo presha ya oili ikishuka, ni kazi ya haraka, na kweli swichi huharibika. Mara nyingine utaikuta imelowa oili kwenye plagi ya waya. Ila umefunga spea tu, presha yenyewe bado huijui.

Mimi nachagua geji, kifaa cha kupima presha ya oili. Fundi anafungua swichi, anafunga geji palepale, anawasha. Tafadhali asipime asubuhi injini ikiwa ya baridi! Oili baridi ni nzito, huonyesha presha nzuri hata kama beringi za krenki (shafti kuu inayozunguka ndani ya injini) zimelika. Asubiri injini ipate moto kabisa. Kipimo sahihi kimo kwenye kitabu cha gari lako. Mafundi wengi hukadiria psi 10 (psi ni kizio cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika.

Geji ikisoma vizuri, tatizo ni swichi au waya wake, badilisha kwa amani. Ikisoma chini, gari livutwe hadi gereji. Huko watafungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, waangalie chujio la pampu limeziba au la, kisha pampu yenyewe, kisha beringi.